Kompyuta inayopozwa kwa maji ikichemka, fundi asome joto na wati kabla ya kuuza kipoza kipya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la Jumamosi iliyopita, aliwashauri wenye studio za video hapa Dar es Salaam waachane kabisa na kompyuta zinazopozwa kwa maji kwa sababu anaamini joto la pwani limezishinda. Uchungu wake naufahamu, maana amelipa mara mbili na mashine yake bado inazimika katikati ya kazi. Lakini kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, mafundi wote wawili aliowaendea walimwambia anunue kitu kabla hawajasoma namba hata moja kwenye mashine hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo lawama zake zilipopaswa kuelekea.

Mimi nahariri video za harusi na za sherehe za kuaga mabinti, shughuli ambayo inapofika hatua ya kurenda, yaani kompyuta kuitengeneza video iliyokamilika, huifanya prosesa, ubongo wa kompyuta, itumie nguvu zake zote kwa saa mbili hadi tatu bila kupumzika, kwa hiyo kosa lolote la upozaji hujitokeza kwangu mapema kuliko kwa mtu anayeandika barua na kusoma habari. Mwaka 2023 nilibadilisha kompyuta nikanunua yenye prosesa ya Intel Core i7-12700K, na ili kupunguza gharama nikamwomba fundi ahamishie humo kipoza cha maji nilichokuwa nacho tangu 2020, chenye rejeta ya milimita 240 na feni mbili. Kipoza kilikuwa kizima na hakikuwahi kunisumbua. Kazi ya kwanza niliyoiweka kwenye mashine mpya, kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya, joto liliruka kutoka nyuzi 45 za Selsiasi hadi 100, likaganda hapo, na video ikaanza kutoka kwa mwendo wa kobe.

Fundi wa kwanza alisema maji yameisha. Alibadilisha pesti, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kichwa cha kipoza, akanitoza shilingi 35,000, na joto likabaki palepale. Wa pili, ambaye hakuiwasha mashine kabisa, alisema pampu imekufa na kwamba dawa ni kipoza kikubwa cha feni tatu, cha laki nne na nusu. Nilishaanza kukusanya fedha hizo.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, fundi wa malori, ambaye riziki yake kwa sehemu kubwa hutokana na magari yaliyochemka yakipanda mlima Kitonga na mizigo ya Zambia. Alikuwa amekuja nyumbani kwa jambo jingine, akaniona nimeinama juu ya mashine iliyofunguliwa ubavu, akaniuliza ina nini, kisha akauliza swali ambalo wale mafundi wawili hawakuliuliza: rejeta yenyewe ina moto? Sikujua. Aliweka kiganja nyuma ya rejeta mahali upepo wa feni unapotokea, wakati namba kwenye kioo ikisoma 100, na hewa aliyoipata ilikuwa karibu sawa na ya chumbani. Akashika mipira miwili ya maji, nayo ikawa vuguvugu kwa mbali. "Shemeji," akaniambia, "gari likichemka na rejeta ikawa ya baridi, hatununui rejeta."

Maneno yale yanastahili kufafanuliwa, kwa sababu ndani yake mna uchunguzi wote. Joto la prosesa hupita katika ngazi tatu kabla ya kutoka nje ya mashine. Kwanza hutoka kwenye prosesa na kuingia kwenye bamba la shaba lililo chini ya kichwa cha kipoza. Kisha huchukuliwa na maji kupitia mpira mmoja hadi kwenye rejeta. Mwisho hutolewa na feni kwenda chumbani. Ikiwa prosesa inaungua na hewa ya rejeta ni baridi, maana yake moto haujafika kwenye rejeta kabisa, na hata ukifunga rejeta ya ukubwa wa dirisha utakuwa umekiongezea moto chungu kilichotundikwa juu ya mti. Kosa liko nyuma zaidi, ama bamba haliigusi prosesa sawasawa, ama maji hayatembei. Mipira yote miwili kuwa na uvuguvugu unaofanana ilionyesha kwamba maji yanatembea, kwa hiyo likabaki bamba.

Tulikifungua kichwa. Mtu yeyote aliyewahi kubandua kipande cha boflo kilichopakwa siagi ataelewa nilichokiona: pembeni upande mmoja pesti ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba hadi chuma kinaonekana, na katikati, mahali penye moto wenyewe, ilikuwa nene, laini, na ina alama ya kidole cha fundi aliyeipaka wiki tatu kabla. Bamba halikuwahi kuilalia prosesa. Sababu yake ilikuwa skrubu. Soketi ya LGA1700, ambayo ndiyo inayobeba prosesa yangu, ina matundu ya kufungia yaliyoachana milimita 78, ilhali soketi za Intel za kompyuta za kawaida zilizoitangulia, ikiwamo ile ya mashine yangu ya zamani, zina milimita 75. Isitoshe, uso wa prosesa hizi mpya uko chini kidogo kuliko wa zile za zamani. Baadhi ya mazabodi, zile bodi kuu zinazobeba soketi, zilitobolewa matundu ya aina zote mbili ili wenye vipoza vya zamani wasipate tabu, na yangu ni mojawapo. Fundi aliyekihamisha kipoza alitumia matundu ya zamani na nguzo za zamani za kukishikia kichwa, kila kitu kikaingia vizuri, skrubu zikakaza hadi mwisho, na kichwa kikabaki kikining'inia juu ya prosesa kwa nafasi ambayo jicho haliioni. Simlaumu sana kwa hilo, kwa sababu ni kosa ambalo hata mtu makini angeweza kulifanya. Ninachomlaumu ni kwamba, joto lilipogoma kushuka, hakurudi kukifungua kichwa na kuitazama pesti imekandamizwaje.

Nguzo sahihi na bati lake la nyuma nilivipata kwa bei ambayo haikufikia hata ile ya pesti. Tulizifunga skrubu kwa mkingamo, kidogo huku na kidogo kule, kama mtu anavyokaza nati za gurudumu, na jioni hiyo mashine ikarenda kwa nyuzi 84.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana nyuzi 84 peke yake haisemi lolote, na kosa hili la kutaja joto bila kutaja wati nimelisikia hata kwa watu wenye vyeti. Kusema prosesa ina nyuzi 100 bila kusema inatumia wati ngapi ni sawa na kuhesabu mapigo ya moyo ya mtu bila kuuliza kama ametoka usingizini au amepanda ngazi za ghorofa kumi na gunia kichwani. Prosesa yangu inaruhusiwa na Intel kufika wati 190 inapokazana, na kikomo chake cha joto ni nyuzi 100, ambapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Siku ilipokuwa imeganda kwenye 100, programu ya bure ya HWiNFO, inayosoma vipimo vya ndani ya kompyuta, ilionyesha kwamba inatumia wati 112 tu: ilikuwa inaungua kwa kazi ndogo. Baada ya kufungwa vizuri ilisoma nyuzi 84 kwa wati 180, chumba kikiwa na nyuzi 30, na video niliyokuwa naipimia ikatoka dakika kumi na moja mapema. Joto limeshuka na kazi imeongezeka kwa pamoja. Hiyo ndiyo picha ya kipoza kilichopona. Fundi anayekurudishia mashine yenye nyuzi 70 huku ameifunga kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya mazabodi, isizidi wati 65 hajatengeneza kitu, amempunguzia farasi mzigo kisha akasema amemtibu mguu.

Namba ya pili inayostahili kutazamwa ni muda. Joto lililoruka kwa sekunde moja au mbili, kama langu, huwa ni la bamba, pesti au skrubu, kwa sababu maji hayawezi kupata moto kwa kasi hiyo. Joto linalopanda taratibu kwa robo saa au nusu saa ni la maji kukosa pa kuutua moto wao. Nililijifunza hili la pili kwa mashine ileile Februari mwaka huu, ilipoanza kwa nyuzi 80 kama kawaida yake kisha, baada ya dakika 25 za kurenda, ikafika 97. Safari hii hewa ya nyuma ya rejeta ilikuwa ya moto lakini haba, kama pumzi ya mgonjwa. Nilipofungua feni nilikuta kati ya feni na mapezi ya rejeta pamefumwa blanketi la vumbi na nywele za paka, ambalo kwa nje halikuonekana kwa sababu feni zilikuwa zikilivuta kwa ndani. Nililipuliza kwa blowa kutoka upande wa pili, nikiwa nimezishika feni kwa kidole zisizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo wa blowa huharibika beringi na huweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Joto likarudi 85. Gharama yake ilikuwa soda ya kijana mwenye blowa.

Pampu nayo hufa, na sitaki nionekane naikana. Lakini pampu iliyokufa ina tabia zake. Mashine huchemka hata ikiwa haifanyi kazi yoyote, ikipanda 50, 60, 70 huku unaitazama, na mpira mmoja huwa wa moto karibu na kichwa ilhali rejeta ni baridi kabisa. Mipira ya kipoza kizima haipishani sana: maji yakitembea lita moja kwa dakika na kubeba wati 180, yanaongezeka joto kwa nyuzi pungufu ya 3, tofauti ambayo mkono hauitambui kirahisi. Ukihisi tofauti kubwa, maji yanatembea kidogo au hayatembei. Kasi ya pampu husomeka kwenye BIOS, na nyingi huzunguka kati ya mara 2,000 na 3,000 kwa dakika. Ikisoma sifuri, angalia kwanza kama waya wake umechomekwa, na kama umechomekwa mahali pake, maana nimeona pampu iliyochomekwa kwenye tundu la feni ya kasha ambalo BIOS hulipunguzia umeme mashine ikiwa baridi, nayo ikawa inajikongoja. Pampu inatakiwa ipewe umeme kamili muda wote. Hata hivyo mzunguko kusomeka hakuthibitishi kwamba maji yanatembea, kwa sababu pampu huweza kuzunguka ndani ya hewa.

Hewa hiyo ndiyo iliyomsumbua jirani yangu mwenye duka la kuchapisha kadi. Mashine yake ilikuwa ikitoa sauti ya kugugumia kila asubuhi, mfano wa chupa inayomiminwa, na alishaambiwa anunue mpya. Rejeta yake ilikuwa imefungwa chini ya kasha na pampu iko juu yake. Ndani ya kila kipoza cha namna hii mna hewa kidogo, na huongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu majimaji hupenya kidogo kidogo kwenye kuta za mipira. Hewa hupanda juu, na kama mahali pa juu kabisa ni pampu, hewa itakaa kwenye pampu. Tuliihamishia rejeta juu ya kasha, tukaliinamisha kasha huku na huku mashine ikiwa imewashwa, kelele ikaisha kabla kahawa haijapoa.

Ingawa majimaji hupungua hivyo, namsihi msomaji mwenzangu, ambaye anasema fundi mmoja alijitolea kumwongezea maji, asikubali. Vipoza vingi vya kufungwa kiwandani havina hata mfuniko wa kuongezea, na vyenye mfuniko vinataka majimaji yenye dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa mara nyingi rejeta ni ya aluminiamu na bamba ni la shaba, na metali hizo mbili zikikutana kwenye maji matupu, moja huila nyingine. Maji yetu ya visima, ambayo mtaani kwangu hayatoi hata povu la sabuni kwa chumvi, yataharakisha maradhi hayo na kuacha ukoko wa chumvi kwenye vijia vya bamba vilivyo vyembamba kama meno ya chanuo.

Nirudi kwenye joto la pwani, kwa kuwa hapo msomaji mwenzangu ana kipande cha haki. Maji ya kipoza hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kikiwa na nyuzi 33 za Januari, kila ngazi ya juu yake huanzia hapo, na anayesoma vipimo vilivyofanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 huko Ulaya lazima ajiongezee nyuzi 12 kabla hajalalamika. Lakini nyuzi 12 hizo zingemwangukia vilevile kama angetumia kipoza cha feni tupu, kwa kuwa nacho kinapozwa na hewa ileile. Kiyoyozi kitamshushia joto la prosesa kwa kiasi kilekile kinachoshusha joto la chumba na si zaidi, kwa hiyo kama prosesa yake inafika 100 kwa wati mia moja na kidogo, hata akihamia Lushoto bado itaungua.

Pengine pia mashine yake haina ugonjwa wowote. Prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, za Ryzen 7000 zilizotoka 2022 zimeundwa zijiongezee kasi hadi ziguse nyuzi 95 kazi inapokuwa nzito, na AMD yenyewe ilieleza kwamba hivyo ndivyo ilivyokusudia. Mwenye prosesa hiyo anaweza kubadilisha vipoza vitatu na bado akaikuta 95 ileile, kasi ikiwa imeongezeka kidogo tu. Kwa upande wa Intel, watengenezaji wa mazabodi wana mazoea ya kuondoa kikomo cha wati kwenye BIOS ili bodi zao zionekane zina kasi, kiasi kwamba prosesa kama Core i9-13900K, ambayo kikomo chake ni wati 253, huachiwa ipite hapo hadi izibwe na joto. Kukirudisha kikomo alichokiweka mtengenezaji wa prosesa ni kazi ya dakika tano na haina malipo. Mimi mwenyewe, miezi ya kiangazi kikali, huishusha yangu hadi wati 125, na video ya saa moja huchelewa dakika tano au sita tu.

Ninachokiomba kwa mafundi na wenye maduka ya kompyuta ni kitu kidogo ambacho gereji ya shemeji yangu hukifanya kila siku. Wakimwaga oili hufunga kikadi kwenye injini chenye kilomita za siku hiyo na kilomita za kurudi, ili fundi mwingine, hata wa Tunduma, ajue gari limetoka wapi. Anayefunga kipoza aandike kwenye risiti joto baada ya nusu saa ya kazi nzito, wati zilizotumika, joto la chumba na kasi ya pampu. Mteja akirudi na malalamiko, kazi ya kwanza iwe kuzisoma tena namba hizo nne, na neno "nunua" lisubiri. Kwa kuwa sikupewa risiti ya namna hiyo, nimejiandikia mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, upande wa ndani wa ubavu wa kasha: nyuzi 84, wati 180, chumba 30, pampu 2,700. Chini yake nimeongeza mstari wa Februari na neno vumbi.

Wako msomaji,
Mhariri wa video,
Tabata, Dar es Salaam